Foto Niliyoibandika kwa Bugali

Leo nimejaribu kumuiba mudogo wangu mwenyewe. Muchana kweupe, mbele ya shule nzima. Na nimeshindwa!

Ngojeni nieleze, musianze kucheka.

Mudogo wangu Neema ana miaka sita. Shuleni kwao mutoto hatoki bila karte yenye foto ya muntu anayekuja kumuchukua. Sheria nzuri. Shida ni kwamba kwenye karte ya Neema hakuna foto yangu. Kuna ya Dieumerci, kijana wa jirani. (Sawa, mwezi uliopita nilimusahau Neema shuleni sababu ya mupira. Mara moja tu! Mpaka jioni tu!)

Tangu siku ile, nyumbani ni Dieumerci, Dieumerci. Yeye, mama anamuita "mwanangu". Mimi ananiita "wewe". Jana kamuwekea kichwa cha samaki. Kichwa! Kile ambacho ni changu tangu niote meno.

Basi leo asubuhi mama alipoenda sokoni kuuza ndagala, vile visamaki vidogo, nikachomoa karte kwenye musumari nyuma ya mulango. Dieumerci huwa anaipitia saa sita. Nikatafuta gundi, hakuna. Nikaponda bugali ya jana na maji, nikabandika foto yangu juu ya yake. Nilipendeza! Kichwani nilikuwa namuona mama akirudi, anamukuta Neema amenawa, amekula, ananiambia: "Mwanangu."

Getini, sentineli wao Papa Kabwe akaishika karte. Akanitazama, akatazama foto, akaipitishia kidole gumba.

Foto ikaondoka na kidole.

Chini yake, Dieumerci, anacheka na meno yote. (Hata kwenye karte ananishinda.)

Papa Kabwe akanusa kidole. "Hii njo bugali?"

"Ya muhogo, Papa."

"Direkta! Kuja uone! Huyu anaiba batoto kwa bugali!"

Uwanja ukajaa. Direkta, mama mukali wa miwani, akamuleta Neema. "Unamujua huyu?"

Neema akanitazama juu mpaka chini. "Namujua. Njo yule alinisahau."

"Ni kaka yako?"

"Ndiyo. Lakini hayuko kwenye karte."

Shule nzima ikalipuka! Nikakalishwa kwenye benchi ya mwaka wa kwanza, magoti yananigusa masikio. Neema akanisukumia nusu ya andazi lake. (Nilikula. Aibu haishibishi.)

Kumbe Dieumerci alipokosa karte kwetu, alikimbia sokoni kumuambia mama. Mama akaingia na kiatu kimoja, magamba ya ndagala mpaka kwenye viwiko, Dieumerci nyuma yake. "Mutoto wangu iko wapi? Neema iko wapi?" Akamukumbatia, akamubana. Hapo njo utani uliniisha.

Papa Kabwe akamuonyesha karte. Akamuonyesha na kidole, foto yangu bado imeng'ang'ania pale.

"Mama," nikasema, "nilitaka tu nimuchukue mimi. Mimi njo kaka yake."

Akafuta macho na kitenge, akamugeukia yule mwingine, akasema:

"Dieumerci mwanangu, kuanzia kesho utakuwa unawachukua wote wawili."