Ombi la Kuvirudisha Viatu Ishirini Ukumbini

Karani wa Kumbukumbu,
Chumba cha mwisho, mkabala na stoo.
Jumatano.

Ndugu Mratibu wa Programu,

YAH: KUFUNGWA KWA KIKUNDI CHETU CHA MTANDAONI KABLA HAKIJALETA MADHARA ZAIDI

Natumaini u mzima, na kwamba kile kiti chako kipya kimeacha kulia. Samahani kwa kukuandikia wakati vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Nikisema ana kwa ana nitapata kigugumizi, na jambo lenyewe ni zito.

Kama unavyokumbuka, kwa miaka miwili tulifundisha kinga ya virusi vya UKIMWI kwa wanaume wa jamii yetu kila Alhamisi saa nne, katika ukumbi ulio nyuma ya karakana ya seremala. Jamii yetu ni ndogo. Kwenye fomu za serikali tunaandikwa "Wengineo", na kwenye ripoti zako tunaitwa "kundi gumu kufikika", ingawa tunaishi mitaa miwili tu kutoka ofisini. Tatizo ni kwamba sote ni ndugu. Mtu akitaka kuuliza, mbele yake ameketi mjomba wake na nyuma yake baba mkwe wake. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Kopo la biskuti tuliloliweka mlangoni kwa maswali ya siri lilipata karatasi moja tu, na karatasi hiyo iliuliza feni itatengenezwa lini. Palikuwa na amani.

Hata majina walikataa kuandika. Nami, nikiwa nimeinamisha kichwa kwa aibu kwenye meza ya pembeni, nilijaza daftari la mahudhurio kwa nilichokiona sakafuni: Buti la Kamba, Kandambili za Kijani, Kiatu cha Harusi, Ndala Tofauti, na wengineo, hadi kutimia ishirini. Mwongozo unasema wakipungua chini ya ishirini programu inafungwa. Hawakuwahi kupungua.

Ndipo ukaja waraka wako: hamishieni kila kitu kwenye simu kama kilivyo, msipunguze wala kuongeza. Nilitii. Nilihamisha mada kumi na mbili. Nilihamisha mahudhurio, ambapo kila mmoja huandika "Nipo". Nilihamisha mapumziko ya chai, kuanzia saa tano kamili hadi saa tano na robo, ambapo ni marufuku kuandika lolote. Na majina niliyahamisha kama yalivyo daftarini. Hapo ndipo nilipokosea, maana kiatu hakina mjomba wala baba mkwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanauliza. Wiki ya kwanza tulipata maswali arobaini na moja, na hakuna hata moja la feni. Kandambili za Kijani alitaka kujua kama kondomu iliyokaa kwenye pochi yake tangu harusi ya shemeji yake bado inafaa. Shemeji huyo sasa ana watoto watatu. Alijibiwa aitupe, na pochi aiangalie upya. Muuguzi wetu, ambaye ukumbini alikuwa anafuma sweta akisubiri maswali, analalamika kwamba sweta limebaki na mkono mmoja mwezi wa pili huu.

2. Nilitakiwa kurekodi video ya kuvalisha kondomu kwenye ule mfano wa mbao aliotuchongea seremala. Nilirekodi. Mikono yangu ilitetemeka kiasi kwamba Kiatu cha Harusi akaandika, "Afadhali, naona feni imetengenezwa." Walicheka siku mbili. Kisha wakaomba nirudie polepole, kwa kuwa kumbe walikuwa wanafuatilia kweli.

3. Wanaelewa. Hili sikulitegemea. Ndala Tofauti aliuliza kama ni kweli mtu mwenye virusi, akimeza dawa zake bila kuruka hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mkewe. Muuguzi akamjibu ni kweli kabisa, ila aendelee na dawa na aendelee kupimwa. Kisha Ndala Tofauti akaandika, "Basi leo nitalala." Ndugu Mratibu, daftari langu lina safu ya jina, tarehe na sahihi. Jambo kama hilo niliandike wapi?

4. Kwenye foleni ya kupima, watu wa jamii yetu wanaketi wameficha miguu chini ya benchi.

5. Kuna mateso anayopata mwanachama wa ishirini, Raba Nyeupe. Huyu ni kijana mpole. Aliuliza swali moja tu: mtu aliyekuwa na uhusiano alipokuwa chuoni, asijali kinga, na sasa amechumbia, je, lazima apime kabla ya ndoa ikiwa anajisikia mzima? Tangu siku hiyo hapumui. Mchumba wake amekwisha pima, akamwambia, "Mimi tayari, nakusubiri wewe." Hajamsukuma hata kidogo, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Kila Alhamisi Raba anaahidi kwenda, na kila Alhamisi anapata udhuru: mvua, mafua, kazi za ofisi. Kiatu cha Harusi anamwita "bwana wiki ijayo". Kandambili za Kijani anamtumia picha ya sindano ya kushonea magunia na kumwambia, "Usiogope, ni hiyo tu."

Mbaya zaidi ni Buti la Kamba. Yeye hamtanii. Anamwandikia, "Mwanangu Raba, hata mkwe wangu mtarajiwa ningemwambia hivi hivi: mtu haogopi kipimo, anaogopa kusubiri peke yake. Alhamisi saa tano kasoro nitakaa kwenye benchi la zahanati. Hunijui, sikujui. Utaona mabuti, basi." Mimi ninayeshika daftari najua mabuti hayo ni ya nani. Najua pia ana binti aliyechumbiwa. Kwa kanuni ya usiri sitasema zaidi, ila naomba ofisi ijiulize kama ni haki mtu kuonyeshwa wema wa namna hiyo bila ridhaa yake.

Hiyo Alhamisi ni kesho.

Kwa sababu hizo naomba turudi ukumbini, tuketi kwenye viti vya plastiki, tunyamaze kama zamani. Ikishindikana, basi maswali yaletwe kwa posta, nakala mbili, yapigwe mhuri. Na hilo nalo likishindikana, maswali yapigwe marufuku moja kwa moja. Maana hebu tufikirie mbele: wakiuliza watajua, wakijua watapima, wakipima watafikika. Na ofisi iliyoundwa kwa ajili ya kundi gumu kufikika itafanya kazi gani wakishafikika wote? Wewe una kiti kipya. Mimi nina meza niliyoizoea. Tufikiriane.

Nisalimie mhasibu, mpishi wa chai, mlinzi wa zamu ya mchana na muuguzi pamoja na sweta lake. Msalimie pia mjumbe wa ofisi aliyetupatia kopo la biskuti, umwambie bado ninalo, kama litahitajika tena.

Ni mimi, nisiyependa kusumbua mtu,
Karani wako.

N.B. Barua hii niliiandika jana nikashindwa kuipitisha chini ya mlango wako. Leo ni Alhamisi, nami naongeza haya kabla sijaogopa tena.

Ukumbini walikuwa wanafika watu kumi na tisa. Wa ishirini nilimwongeza mimi ili programu isifungwe, na kwa kuwa niliandika nilichokiona sakafuni, niliandika viatu vyangu.

Nilikwenda. Nilimkuta Buti la Kamba kwenye benchi, mabuti yake mbele, nikamwamkia shikamoo huku nikivuta miguu nyuma. Akaitika marahaba, akasema, "Raba, sogea hapa." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Hizo raba unazivua mlangoni kwangu kila Jumapili. Ulidhani nani huwa anazipanga?"

Nikatobolewa kidole. Muuguzi wa pale akasema nisubiri dakika kumi na tano. Ilikuwa saa tano kamili, wakati wa chai, wakati ambao ni marufuku kuandika. Simu ikaanza kutetemeka mkononi. Kandambili za Kijani: Nipo. Kiatu cha Harusi: Nipo. Ndala Tofauti: Nipo. Nilihesabu ukiukwaji wa kanuni mara kumi na nane. Wa kumi na tisa hakuandika. Aliniegemea begani akalitamka neno hilo.

Majibu ninayo, na jioni hii nampelekea mwenye haki ya kuyasikia kwanza. Naomba kikundi kisifungwe, wala mtu yeyote asiadhibiwe kwa kuandika wakati wa chai. Kopo la biskuti nimeshampa fundi wa feni aweke misumari yake.