Vitenzi Vyenye Mkia vya Barabara ya Kinu

Nyumba Na. 7,
Barabara ya Kinu,
Hadderby, Yorkshire.

Kwa Mhariri,
Jarida la Parokia ya Hadderby.

Ndugu Mhariri,

YAH: VITENZI VYENYE MKIA NA MADHARA YAKE KWA WANANCHI WATULIVU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wako umepata nafuu tangu ulipoteleza kwenye ngazi za ukumbi. Mimi sijambo, ila nina jambo.

Si kawaida yangu kulalamika. Mara ya mwisho kuliandikia jarida lako ilikuwa juu ya bata wa mtoni, na bata wale wamejirekebisha. Lakini hili la sasa limenifika shingoni.

Utakumbuka kwamba maisha yangu yote nilikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano. Hapakuwa na sebule kijijini hapa ambayo sikuingia. Nilibisha, nikafunguliwa, chai ikawekwa juu ya piano, mahali ambapo haitakiwi kuwekwa, na habari za watu nilizipata zingali moto. Sasa piano zimeuzwa. Pale ziliposimama pana runinga, na runinga haijui kupotoka sauti. Mke wangu Hilda naye alifariki mwaka juzi majani yalipokuwa yakipukutika. Leo ingekuwa siku yake ya kuzaliwa, na kwa mazoea nimetengeneza chai kwenye buli kubwa, lile la watu sita. Siombi huruma. Naeleza tu ili uelewe kwa nini mtu akiniambia niende kwake, mimi husikiliza.

Sasa niingie kwenye shauri lenyewe. Sisi Waingereza tuna mazoea ya kuchukua kitenzi kifupi, chenye adabu zake, tukakifungia nyuma kaneno kadogo: "ndani", "juu", "nje", "huku". Huo ndio mkia. Kitenzi kikiwa kitupu, humfunga mtu. Mtu akisema, "Njoo Jumanne saa kumi," basi Jumanne saa kumi utamkuta, na keki imeshakatwa. Akikitia mkia, ahadi inayeyuka hapohapo getini, na anayeisubiri ndiye anayeonekana kichekesho. Ushahidi wangu ni huu ufuatao.

1. Bi. Muriel Thwaite, jirani yangu wa Na. 9. Siku ya mazishi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Les, usijifungie ndani mwaya. Pop round wakati wowote." Yaani nichomoze tu kwake, bila makuu. Nilingoja wiki moja kwa heshima, kisha nikachomoza, nimevaa tai. Alifungua mlango nusu, kitambaa cha vyombo begani, akajishika shavu: "Ooh! Les! Nani kafa?" Nikamjibu kwamba tangu Hilda hakuna mwingine, na ya Hilda anayo habari. Tukasimama pale mlangoni huku mvua ikinyesha, tukazungumza habari za mvua. Nikarudi kwangu nikaivua tai. Sikumchukia, lakini iliniuma, na hata leo inauma.

2. Bw. Derek Lumb, mwenye yule mbwa mnene. Kila asubuhi hunikuta getini, tukaongea hali ya hewa na tumbo la mbwa, na mazungumzo yanapoanza kukolea yeye husema, "Haya, nikuache uendelee." Uendelee, yaani get on, Mhariri! Niendelee na nini? Siku moja nilimwuliza hivyo hivyo. Akacheka mpaka akashika ukuta. "We Les bwana, una vituko!" Akaenda zake. Sikuwa na kituko chochote, nilikuwa nauliza. Anayetaka kuondoka ni yeye, lakini shughuli nasukumiwa mimi. Asubuhi nyingi nimerudi ndani kuzitafuta hizo shughuli ninazoachiwa, na sijaziona.

3. Mchungaji Pomfret. Huyu namtaja kwa unyenyekevu kwa kuwa ana joho. Kabla ya Krismasi aliniambia nisikae peke yangu sikukuu, na akaongeza kwamba yeye na mkewe "watasort out" kitu, yaani watapangapanga. Kwa kuwa kauli ilitoka kwa mtu wa Mungu, niliiamini. Nilinunua bata mzinga mzima, endapo hicho kitu kitakuja kwangu. Na nilipiga pasi suruali, endapo nitaitwa mimi. Sikuitwa, wala hakikuja. Nilikula mikate iliyojazwa nyama ya bata mzinga mpaka Mamajusi wakaja wakaondoka. Nilipomkumbusha mchungaji mwezi wa pili, alikunja uso akifikiri. "Si tulisema tutapangapanga?" Nikasema ndiyo, tulisema. "Haya basi!" akajibu, kwa furaha ya mtu aliyetimiza neno lake.

4. Kijiji kizima, bila kumtaja mtu. Hakuna anayepishana nami dukani bila kusema lazima siku moja "tucatch up", yaani tukamatane tupeane habari. Natembea polepole kwa sababu ya goti. Bado hakuna aliyenikamata.

Utasema, Mhariri, kwamba hayo ni maneno ya adabu tu na kila mtu anajua. Mimi sikujua. Hilda ndiye aliyejua. Tulipotoka kanisani alikuwa akinitafsiria njia nzima: huyu amesema kweli, huyu anaaga tu, huyu anataka tuondoke miguuni pake. Sasa natafsiri peke yangu, na nakosea kila mara. Kila Jumamosi nanunua keki, ili atakayechomoza asikute kabati tupu, na kila Jumatano namalizia kuila mwenyewe. Nyumba imekuwa kimya mno, na sikupewa sikio la kuvumilia kimya.

Kwa sababu hizo naiomba Halmashauri ya Parokia, kupitia jarida lako, ipitishe yafuatayo:

(a) Mikia ipigwe marufuku getini, dukani na barazani pa kanisa.

(b) Atakayeponyokwa na kitenzi chenye mkia ataje siku na saa kabla hajavuta pumzi nyingine. Akishindwa, atoe keki. Keki ya kununua isipokelewe.

(c) Ateuliwe Mkaguzi wa Mikia, mwenye uwezo wa kumsindikiza mwalikwa yeyote hadi kwa aliyemwalika, na kukaa naye sebuleni mpaka birika lichemke. Mimi nipo tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo. Kofia ninayo.

(d) Kila mwenye nyumba amfungulie mgeni asiyetoa taarifa, afungue mlango wote siyo nusu, na asiulize nani kafa.

(e) Naambiwa kwamba katika nyumba nyingine, tena za watu wa heshima, kengele ya mlango ikilia wenyewe hujificha nyuma ya kochi mpaka mgeni achoke. Hili lihesabiwe kosa kubwa kuliko yote, na jina la mkosaji lisomwe kanisani kabla ya mahubiri.

Najua nitaitwa mkorofi. Lakini mtu aliyeingia kila sebule ya kijiji hiki, sasa akiishia vizingitini, ana haki ya kuuliza mlango ni wa nini.

Nisalimie mama watoto, nisalimie wapiga kengele wote, na yule wa kengele kubwa mwambie anachelewa kidogo kwenye mpigo wake. Wasalimie pia bata.

Ni mimi, mwananchi mwenzako mtiifu,
Leslie Armitage
(Fundi piano, mstaafu)

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha ndipo kengele ya mlango ikalia. Ilikuwa saa kumi jioni. Hapakuwa na taarifa wala simu. Mambo yalikuwa sawasawa kabisa na ninavyoyadai hapo juu. Nasikitika kukuarifu kwamba nilijikuta nimelala kifudifudi nyuma ya kochi. Sijui nani aliniamuru. Goti ambalo halikubali kupanda ngazi lilikubali hilo bila kinyongo.

Kisha kifuniko cha tundu la barua kikainuliwa. "Les! Viatu vyako navionaaa! Na buli linafuka hapo mezani. Fungua bwana, keki inalowa!"

Alikuwa Bi. Thwaite. Nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikafungua mlango nusu, na maneno ya kwanza kunitoka kinywani yalikuwa haya: "Ooh! Muriel! Nani kafa?"

Akasema hakuna aliyekufa, ila amekumbuka leo ni siku ya Hilda. Akasema siku ile ya tai jikoni kwake palikuwa hapatazamiki, akaona haya, na tangu hapo kila akitaka kubisha anaogopa kunisumbua. Hakutaka "kuniput out", alisema, na nikaona mkia mwingine huo ambao sikuuorodhesha. Alikaa mpaka taa za barabarani zikawaka. Tulimcheka Hilda na tafsiri zake, halafu kidogo tulilia. Keki ilikuwa imelowa upande mmoja. Tukala upande mkavu, kisha tukala na ule mwingine. Alipoondoka alisema aniache niendelee, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na cha kuendelea nacho: vikombe viwili vya kuosha.

Kwa hiyo nakuomba usiichapishe barua hii. Kama imeshakwenda mtamboni, kifute angalau kifungu (e).

Nawe, Mhariri, usijifungie ndani na huo mguu. Pop round wakati wowote. Ila piga simu kwanza.