Gunia la Mlangoni kwa Mama Kemunto

Jamani, leo nimejiaibisha mwenyewe, sikusaidiwa na mtu.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa kilimo. Naishi Nyansiongo, katika nyumba ya mawe ambayo asubuhi ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Ijumaa mama mkwe alifika kutoka Masimba kukaa nasi wiki moja. Usiku mmoja tu wa baridi ulimtosha. Jumamosi (sisi ni Wasabato) akaenda kanisani amejifunga blanketi juu ya koti. Waumini wakamwangalia yeye, halafu wakaniangalia mimi.

Sasa, jiko la kupasha nyumba joto ninalo. Fundi alinitengenezea sebuleni kutoka kwa pipa la chuma: kifuniko juu, mlango mdogo wa majivu chini, bomba la kutoa moshi nje. Shida ni cha kuchoma. Kuni ni ghali, makaa hata usiseme. Nilijaribu vumbi la mbao kutoka Ikonge. Likatoa moshi mpaka ng'ombe wa jirani akakohoa (nimetia chumvi, lakini kidogo tu). Nikajaribu majani makavu ya migomba. Yakawaka kwa fujo, yakaisha kabla sijaketi.

Leo asubuhi nikasikia mashine ya kupukuchua mahindi ikinguruma kwa jirani yangu, Mama Kemunto. Nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Magunzi! Yanawaka vizuri, yanakaa na moto, na watu huyatupa tu. Nikachukua wilbaro, mbio.

Mama Kemunto alikuwa karibu na mashine, leso kichwani, vumbi kila mahali. Nikapaza sauti:

"Mama Kemunto! Naomba magunzi!"

"Nini?"

"Magunzi! Ya moto!"

Akacheka, akaonyesha kwa mkono upande wa ghala, akasema maneno mengi. Mashine ikala karibu yote. Nilichosikia mimi ni: "...chukue la mlangoni!"

Nikainua kidole gumba. Naye akainua chake. (Hivyo ndivyo watu wazima huelewana.)

Gunia la mlangoni lilikuwa zito kuliko magunzi yanavyopaswa kuwa. Nikajiambia yana unyevu. Nikachungulia juu, nikaona magunzi. Nikafunga, nikasukuma.

Nyumbani nikawasha moto, nikainua gunia nikamimina nusu yake ndani ya pipa, uso nimeugeuza pembeni kwa sababu ya moshi. Nikafunika. Baada ya muda mfupi sebule ikapata joto la kweli. Mama mkwe akavuta kiti karibu. Akatoa blanketi! Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa!

"Mkwe," akasema, "sasa hapa pamekuwa nyumbani."

Nikavimba. Nikaanza kumweleza jinsi watu wa huku wanavyotupa mali bila kujua, na jinsi elimu inavyosaidia. Mke wangu Nyaboke akaita kutoka jikoni, "Baba Brian, si uketi tu uote moto?" Sikuketi.

Pa!

Kifuniko kikaruka kidogo. Halafu pa! Pa-pa! Sebule ikajaa harufu ya mahindi ya kuchoma. Punje moja ikachomoka kwenye mlango wa majivu ikaangukia sakafuni. Mama mkwe akaiokota, akaipuliza, akaila.

"Kumbe umetuwekea na mahindi! Nyaboke, huyu bwana yako ana akili. Leta chumvi."

Hapo ndipo ningefungua jiko niangalie. Badala yake nikajiambia ni punje chache ambazo mashine iliacha. Nikaokota moja pia. (Ilikuwa tamu. Siwezi kudanganya.)

"Hodi!"

Mama Kemunto huyo, anahema.

"Mwalimu, nisamehe kukusumbua. Umebeba gunia la mbegu."

"La mbegu?"

"Lile la mlangoni. Si nilikuambia usichukue la mlangoni? Niliweka mahindi mazima ya mbegu chini na magunzi juu, wezi wasijue."

Wezi hawakujua. Hata mimi sikujua.

Nikataka kujibu, lakini nilikuwa na punje mdomoni. Pa! Nyingine ikaruka, ikabingirika mpaka karibu na kiatu chake. Akaiokota. Ilikuwa ya zambarau. Mahindi yake ni ya kienyeji, aliachiwa mbegu na mama mkwe wake, na kila hindi lina punje kadhaa za rangi hiyo. Kijiji kizima tunayajua.

"Hii ni yangu," akasema polepole.

Mama mkwe akaacha kutafuna. Chumvi bado iko kiganjani.

"Mwalimu, si ni wewe ulikuja na tai kwa kikundi chetu cha akina mama ukatufundisha kuchagua mbegu bora? Nimechagua siku mbili nzima. Kumbe nakuchagulia wewe kuni?"

Nyaboke alikimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Nilimsikia.

Nikafungua kifuniko, nikamwaga ndoo nzima ya maji. Msijaribu. Mvuke na majivu vilipanda hadi dari, vikashuka juu yetu sote. Mama mkwe alikuwa mweupe kama aliyetoka kwa mashine ya unga. Nikachomoa bomba, nikaburuta pipa hadi uani, nikalipindua.

Nusu iliyobaki kwenye gunia ilikuwa salama. Iliyochomwa, basi tena. Mama Kemunto aliketi kwenye ngazi akaanza kuchambua. Nikachutama kando yake nikichambua pia. Kicheko kilikuwa kimeniisha. Mwanamke huyu ametunza mbegu hiyo miaka yote bila digrii yoyote.

"Nisamehe, Mama Kemunto."

Akatupa kando hindi lililoungua.

"Iliyobaki inanitosha shambani," akasema. "Uliyochoma ni ile ya kugawia akina mama wa kikundi. Alhamisi tunakutana. Utakuja uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo huo huo uliokula."

"Nitakuja."

"Na usivae tai."

Halafu akachukua hindi moja lililoiva vizuri, akalivunja katikati, akampa mama mkwe nusu. Wakaketi hapo wawili wakila na kuongea Ekegusii kunihusu, kana kwamba mimi si Mkisii. Nilishika ufagio nikaingia ndani.

Wanafunzi wangu mlio humu kwenye ukurasa huu, nawajua. Kesho Kidato cha Tatu tuna somo la uhifadhi wa mbegu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize kabla ya kengele.