Fulana Iliyomchapa Mama Auma

Leo aibu imenivaa, jamani, na imenikaa sawasawa. Nimekimbilia ofisini kwa binamu yangu niwaandikie barua pepe hii kabla hamjapata habari kwa watu wengine.

Mnajua kila Jumamosi nafundisha vijana kuchora kwa kompyuta na kuchapa fulana, kwenye ukumbi wa kanisa karibu na soko la Kariokor. Vijana kumi na wawili, kompyuta moja. (Ndiyo, moja. Na ikichoka, inazima bila kuaga.) Leo tulikuwa tunachapa fulana za darasa. Maneno waliyapanga wenyewe kwenye kompyuta, herufi nene, nyeusi: NIULIZE MIMI, NDIMI FUNDI.

Nikachapa ya kwanza kuwaonyesha. Nikalaza fremu yenye maneno hayo juu ya fulana, nikamwaga wino, nikauvuta kwa ubao mara moja. Ikatoka safi! Wakapiga makofi. Kichwa kikanivimba. Nikaivaa palepale, juu ya blauzi.

Nekesa, msichana wa miaka kumi na minne asiyeachilia kosa hata dogo, akainua mkono.

"Ticha, hiyo bado iko maji. Si ulisema tungoje ikauke, halafu tupige pasi?"

"Nekesa, kazi hii nimeifanya miaka mitatu. Imekauka."

"Haijakauka, ticha."

"Mwalimu hapa ni nani?"

Akashusha mkono. (Ningejua, ningempa chaki akafundishe yeye.)

Hapo ndipo Mama Auma alipoingia, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Wiki tatu tumekuwa roho juu, maana kuna mtu alitaka ukumbi huo ili awe anaweka humo magunia yake ya viazi. Mama alikuwa anaelekea harusini kumpa bibi harusi mawaidha. Amevaa gauni la akina mama wa kanisa. Jeupe! Jeupe la kuumiza macho.

"Niaje, vijana!" akasema. (Hujikaza kuongea kama wao, nao wanampenda kwa hilo.) "Madam Nduku, kamati imekubali. Ukumbi ni wenu mpaka Desemba. Barua hii hapa, imebaki sahihi yangu tu."

Nikapiga ukelele. Nikaruka. Nikamkumbatia Mama Auma. Tena si kwa adabu, nilimbana kwa nguvu zangu zote, kifua kwa kifua. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Nekesa:

"Woi."

Nikamwachilia. Kifuani pa Mama Auma, meusi tititi, maneno yote. Kinyumenyume.

Akainamisha kichwa. "Hii ni lugha gani?"

Akaenda dirishani, akajitazama kwenye kioo, akasoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani:

"Niulize mimi... ndimi fundi."

Akageuka. "Na fundi mwenyewe ni nani?"

Vidole kumi na viwili vikaninyookea mimi.

Nilitamani kuingia ndani ya ile kompyuta nijizime.

Nekesa hakungoja. "Mama, wino ni wa maji, ukifuliwa sasa hivi utatoka. Vua gauni." Akamfunga leso yangu kiunoni, nyingine mabegani, gauni likaenda kwenye beseni. Wino ulitoka, lakini gauni lilikuwa linachuruzika, na harusi haingojei mtu!

Basi Nekesa akachapa fulana nyingine. Wenzake wakaipepea kwa makaratasi. Akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa, wakapepea tena. Akaigusa tena. Akapiga pasi, polepole, hatua kwa hatua, kama nilivyowafundisha mwenyewe. (Mwenyewe!) Mama Auma alikuwa anamtazama yeye. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Mama akaivaa fulana na leso chini. Akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia, akacheka mpaka akashika meza.

"Nikifika hivi, mawaidha yangu leo watayasikiliza!"

Akatia sahihi. Nilikuwa nimeanza kupumua nilipomwona bado anaandika. Chini ya sahihi ameongeza mstari mmoja kwa kalamu: *Kwa sharti kwamba Madam Nduku afundishwe kukausha wino.*

Somo ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi. Nekesa ameshaniambia nije na daftari. Atakayecheka, naomba acheke akiwa ameziba mdomo.