Mmeza-Mvuke na Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati. Wenzangu wanaitafuta, mimi inanitafuta. Nikigusa kitu, kinanyooka. Ushahidi ni wa leo: bia yangu imechemka jikoni, hapa hapa nyumbani, bila kiwanda, bila bosi, bila kumwomba mtu ushauri.

La maana zaidi: Baba katoka chumbani! Namaanisha baba mkwe. Anaishi kwetu tangu mama mkwe alipofariki, na tangu aje yuko kitandani, uso kaupa ukuta. Macho hayaoni vizuri. Chakula anadonoa kama kuku mgonjwa. Mke wangu hurudisha sahani imejaa, akaimwaga huku kanipa mgongo ili nisimwone uso.

Leo nakoroga sufuria, napiga hadithi zangu za ujana kwa sauti ya kusikika mpaka mtaani. Mara mlango unafunguka. Baba huyo, anapapasa ukuta. Kakaa kwenye kigoda. Kamaliza sahani. Kaomba mchuzi!

Hadithi zangu hizo. Nilijua tu.

Mke wangu alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akatazama juu. Lo! Mvuke umetanda, dari inatoka jasho kama mbeba mizigo. Mke wangu ni fundi cherehani, na sebule yetu na jikoni ni chumba kimoja. Gauni la bibi harusi lilikuwa linaning'inia pale. Kipande cha rangi ya dari kikadondoka, pa! Begani mwa gauni. Mke wangu akasema kwa ile sauti ya chini, ile mbaya, kwamba kikianguka kingine tutajua nani anahama, sufuria au mwenye sufuria.

Jumanne, 4 Machi

Kichwa changu hiki wangenipa nchi. Nimebuni mtambo! Nimeuita Mmeza-Mvuke. Picha niliiona kwenye simu. Maelezo sikusoma, yalikuwa marefu, na picha ilinitosha.

Unaifunika sufuria isipumue. Kwenye mfuniko unaacha tundu moja, hapo unachomeka bomba. Ndani ya bomba maji baridi yananyunyizwa kama manyunyu. Mvuke ukikutana na baridi unageuka maji, unateremka kwa mpira mpaka kwenye ndoo. Kwisha. Dari haijui kama kumepikwa.

Bomba kaleta shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni fundi bomba, na maringo yake hayapiti mlangoni. Kauzunguka mtambo wangu mara kadhaa. Kasema, shemeji, wewe ukitengeneza kiti, watu wote tunakaa chini. Kisha kanionya mdomo wa mpira usizame kwenye maji ya ndoo, uning'inie juu. Nikamwambia asante, arudi kwenye vyoo vyake.

Nitauzamisha. Ukining'inia utarusha maji, na mimi nataka kazi safi.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Na msiba kidogo.

Mfuniko ulikuwa na mianya, nikaiziba kwa unga uliokandwa. Moto. Kimea kikachemka, maua machungu ya hopsi nikayatumbukiza kwa haraka, nikafunika, nikaziba tena. Hata uzi wa mvuke hukuuona! Mke wangu kapanda kiti, kapitisha kiganja darini. Pakavu. Kashuka, kanishika bega, kaacha mkono pale muda mrefu. Mwaka huu hajanishika hivyo. Nikajiona mrefu.

Lakini Baba hakutoka. Nikapiga hadithi ya mimi na yule mwanajeshi mwenye jino moja, hadithi ambayo imewahi kumliza askari wa zamu kwa kicheko. Mlango kimya. Sahani imerudi imejaa. Mke wangu kaimwaga, mgongo huo.

Nikazima moto, nikaenda kusimama mlangoni kwake. Nyuma yangu nikasikia glu, glu, glu. Sufuria ilipopoa ikawa na kiu! Ikauvuta mpira, mpira ukavuta maji ya ndoo, na ndoo ilikuwa ile ya kupigia deki. Bia yote imekunywa maji ya deki. Shemeji asijue. Hata nikifa asijue.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekaa nimefikiri. Baba ananinunia. Bila shaka shemeji kapita kupiga domo, kamharibia mzee wa watu roho.

Nimeingia chumbani kwake na hadithi mpya, kwa heshima zote, nikaketi sakafuni. Amekonda, jamani. Shati linamvaa yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza mbona nimeacha kupika. Nikamwambia Baba, jana nimechemsha sufuria nzima. Akasema mwanangu, usimdanganye mtu mzima, macho hayaoni lakini pua ninayo.

Kisha akaanza ya kwake. Kwamba maisha yake yote ya kazi yalipita kwenye chumba cha kuchemshia bia, kiwandani. Kwamba harufu ilikuwa inamganda kwenye shati, haitoki hata kwa sabuni. Jioni akikaribia nyumbani, kabla hajabisha hodi, mama mkwe tayari keshaisikia harufu na anapaza sauti kutoka ndani: huyo kaja! Kila jioni. Kwamba siku hizi hata akitoka na kurudi, hakuna anayesema huyo kaja. Akaugeukia ukuta.

Mzee wa watu. Nilimwonea huruma, lakini nilimwelewa pia: anakwepa. Hataki kuniambia usoni kwamba hadithi ya mwanajeshi imemchosha.

Nikamsimulia mke wangu yote hayo, kumwonyesha baba yake anavyojua kuhamisha mazungumzo. Akasimamisha cherehani, sindano ikiwa katikati ya kitambaa. Kanitazama. Nikamuuliza nini. Akasema hakuna, wewe kesho pika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepika. Mpira nimeuning'iniza juu ya maji. Si kwa sababu ya shemeji, nimeamua mwenyewe.

Mmeza-Mvuke anameza vizuri, dari kavu, mimi najipiga kifua. Mara mke wangu anainuka. Katungua gauni la bibi harusi, kalifunga kwenye nailoni, kalipeleka chumbani. Karudi, kakusanya vitambaa vyote vya wateja, kapeleka. Kafunika cherehani. Kisha kachukua kisu, kakata unga wangu kuzunguka mfuniko, kafunua sufuria!

Nikapiga kelele, dari, mke wangu, dari! Akasema dari ni rangi, itapakwa.

Mvuke ukapanda kama umetoka kifungoni. Ukajaa jikoni, ukajaa sebuleni, ukapita chini ya mlango wa Baba. Tukasimama. Sikupiga hadithi yoyote.

Mlango ukafunguka.

Kaja taratibu, pua mbele. Kaisogelea sufuria, kashika pindo la shati lake, kalitandaza juu ya mvuke kama mtu anayekinga mvua. Kasimama hivyo mpaka shati likalowa. Mke wangu akamwendea, akaweka uso begani mwa baba yake, akavuta pumzi. Akapaza sauti, japo mzee alikuwa hapo hapo: huyo kaja!

Baba akacheka. Halafu akalia. Halafu akauliza chakula kiko wapi.

Mimi nilikuwa nakoroga. Mvuke uliniingia machoni.

Jumapili, 9 Machi

Baba kavaa shati lile lile, hataki lifuliwe. Kala asubuhi, kala mchana. Vipande vya rangi vimeanguka hata kwenye mchuzi, kavila.

Mke wangu kaniketisha, kanieleza polepole kama mtoto: ilikuwa harufu, haikuwa hadithi. Nimekubali kwa mdomo. Moyoni najua ya mwanajeshi ilichangia.

Na nimepata wazo. Kwa nini mvuke upite jikoni? Nitoe bomba kwenye mfuniko, nilipitishe ukutani, limletee Baba mvuke wake kitandani. Harufu kwake, dari yetu salama! Shemeji kasema nikitoboa ukuta yeye hanijui. Wivu. Unga ninao wa kutosha.

Nimetoboa, nimejaribu mchana huu kwa maji matupu. Bomba limekojoa. Godoro la Baba limeanikwa uani, mashuka yote pia. Yeye kalala kitandani kwetu, anacheka na binti yake, nawasikia. Mimi nimekaa sakafuni naandika, nikitafuta bomba nene zaidi. Tatizo lilikuwa unene tu.

Kuhusu ile bahati niliyoiandika Jumatatu: ni uongo. Sina bahati, na sijawahi kuwa nayo; mwenye bahati angeletewa bomba nene tangu mwanzo, mimi nina kichwa tu.