Utomvu wa Fenesi la Mwenyekiti Kuvamia Utosi wa Msusi

Yuditha Yordani,
Msusi, nyuma ya kituo cha mabasi,
Mkata, Handeni.

Mzee Mdoe,
Mwenyekiti wa Kitongoji.

YAH: KUDONDOKEWA NA FENESI LAKO

Shikamoo Mzee. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mfenesi wako. Mimi si mzima. Mwili unakula na kulala, lakini kichwa kimekamatika, na hicho ndicho kinachoniandikisha haya.

Kama unavyojua, ule mfenesi uliouleta kutoka Lutindi ukiwa mche umevusha tawi juu ya ua, na tawi hilo limening'iniza fenesi kubwa juu ya kamba yangu ya kuanikia nguo. Jumatatu jioni nilikuwa nimesimama chini yake, juu ya ndoo, katika shughuli zangu halali. Ghafla utomvu ukanimwagikia utosini, mweupe, mzito, ukateremka hadi nyuma ya sikio. Ndoo ikapasuka, nikakimbilia ndani. Na nilikuwa nimesukwa mtindo wa twende kilioni siku hiyo hiyo! Sasa hapo utosini pameganda ulimbo wa kutosha kutegea ndege. Kwa heshima zote nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Kichwa changu ndicho bango langu la biashara. Mteja haangalii picha za ukutani, anamwangalia msusi. Jumamosi Hafsa, binti wa Sharifu muuza mkaa, anakuja kusukwa kwa ajili ya harusi yake, na nyuma yake dada zake wote na mashangazi. Wakinikuta hivi watavuka barabara kwenda kwa Mwaija, ambaye tangu Jumanne anapita dirishani kwangu kunisalimia mara nyingi kuliko kawaida yake. Harusi hii nimeisubiri tangu Hafsa alipochumbiwa. Nikiikosa nitalia, Mzee, wala sioni aibu kuliandika hilo.

2. Mti wako umenitia mikononi mwa washauri. Mkeo, Mama Pendo, alisema nioshe kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Nikaosha. Utomvu ukakaza, ukashika hata nywele zilizokuwa hazina kesi. Bibi Mwantumu akaleta mafuta ya taa. Yalilegeza kidogo, lakini siku nzima niliogopa kusogelea jiko langu mwenyewe, na wateja wawili walikaa mlangoni wakidai wanapunga upepo. Denis wa dukani akasema niweke barafu, utomvu ugande uvunjike vipande. Barafu aliyokuwa nayo ilikuwa ya ukwaju. Hakuna kilichovunjika. Walikuja sisimizi, na hadi naandika hawajaaga.

3. Dawa yenyewe ni mafuta ya kupikia, yale yale tunayojipaka mikononi kabla ya kupasua fenesi. Ningeyakumbuka mapema nisingefika kwenye ukwaju. Nimeyapaka, utomvu umelainika. Kilichobaki ni kuuchambua unywele kwa unywele kwa kitana chembamba, na hapa, Mwenyekiti, ndipo uongozi wako unapoingia. Kitana changu chekundu chenye mkia wa chuma, kilichonilishia watoto, kimeibwa! Kilitoweka Jumatatu hiyo hiyo jioni. Vya plastiki kutoka kwa Denis vimekatikia kichwani, meno yake bado yamo humo na sisimizi. Kichwa na kitana kwa siku moja haiwezi kuwa bahati mbaya. Hili ni genge.

4. Fenesi limetobolewa. Fenesi lililotulia halimwagi utomvu namna ile. Sote tunajua kwamba wenye uchu huchomeka kitu chenye ncha ili liive upesi, na pale palipotobolewa ndipo utomvu unapobubujika. Maana yake katika kitongoji chako yupo mtu mwenye tamaa anayetoboa tunda la kiongozi mzima, mchana kweupe. Leo fenesi, kesho tenki la maji la shule, keshokutwa magurudumu ya mabasi ya Dar. Tutafika?

Kwa hiyo naomba mti ukatwe. Naomba pia mkutano wa hadhara uitishwe kesho, na kila mkazi anyooshe mikono ikaguliwe. Mtoboaji akipatikana, anyolewe kipara mbele ya watu wote, wembe mkavu, ili aonje ninachoonja. Wakati tunasubiri haki hiyo, walinzi wa sungusungu wapekue nyumba hadi nyumba wakitafuta kitana, waanze kwa Mwaija.

Nisalimie Mama Pendo, mwambie sabuni yake ilikuwa na nia njema. Wasalimie wajumbe, na mbuzi wako pia, ambaye anaingia uani kwangu kila siku na hajawahi kunimwagia kitu.

Wako katika kunata,

Yuditha Yordani

Nyongeza: Mzee, kabla ya kufunga bahasha nilitoka kuanua nguo, nikainua macho, nikakiona kitana changu. Kiko kwenye fenesi lako, upande wa kwangu, mkia wote umezama umebaki mstari wa meno. Nimekumbuka. Mkutano usiitishwe. Lile la kipara liliandikwa na hasira, tafadhali lifute kwa kalamu nzito. Mti nao uache, maana fenesi limeanza kunukia. Ninachoomba ni uje kabla ya Jumamosi, peke yako bila wajumbe, unichomolee kitana changu nimsuke Hafsa wa watu. Njoo na kiti, ndoo unajua ilikoishia. Na ukikivuta, baba yangu, simama pembeni.