Mama Ngalula Hasadikiki, Asema Mhariri

Kolwezi, 9 Juni 1993

Ndugu Mhariri wa jarida la parokia,

Nimeipokea kwa heshima hadithi yangu uliyoirudisha, pamoja na maneno yako ya wino mwekundu: "Wahusika hawasadikiki. Mwandishi aende akatazame watu."

Ndugu yangu, nimekwenda. Tangu Machi niko stesheni kila siku, ambako majirani zetu wenye asili ya Kasai wanalala chini wakingoja treni ya kwenda Kasai, baada ya kufukuzwa majumbani mwao kwa madai kwamba si wenyeji. Nimeketi kati yao na daftari. Sasa naomba kulalamika.

1. Umesema mwanamke aliyefukuzwa hawezi kucheka. Mama Ngalula, mjane, jirani yangu kwa miaka kumi na miwili, alizaliwa hapahapa Kolwezi. Kasai haijui hata kwa picha. Siku ya kufukuzwa aling'oa bati moja la paa lake akaondoka nalo kichwani. Leo limekuwa karai, anakaangia vitumbua, na anacheka mpaka mwiko unamponyoka. Nilimsomea hukumu yako. Akajibu, akituita sote wawili tata, yaani baba: "Tata Nkulu, ambia ule tata mi nililia juzi. Leo iko zamu ya Mama Mushiya." Na kweli, Mama Mushiya alikuwa pembeni akilia, kwa utaratibu kabisa.

2. Umesema adui hawezi kuja kununua vitumbua kwa mtu aliyemfukuza. Jeancy, mchomeleaji, ndiye aliyesimama na rungu mlangoni pa Mama Ngalula siku ile, na sasa analala katika nyumba hiyo. Huja kila asubuhi na sahani, macho chini. Mama humwuliza, "Nyumba yangu inavuja?" "Inavuja sana, mama." "Basi sukuma kitanda ku kona." Naye huenda akakisukuma!

3. Hapa ndipo niliposhindwa kula. Umeandika kwamba mhusika mkuu, karani aitwaye Nkulu, "habadiliki mwanzo hadi mwisho, ingawa kila msomaji anaona anampenda huyu mama." Nkulu ni mimi. Nimekuwa karani miaka thelathini na mmoja na sijahamisha hata kiti. Watu wazima hawabadiliki, Ndugu Mhariri, wanazeeka tu. Mimi si mtu wa Kasai, hakuna anayenifukuza, nina nyumba na kuku saba. Na huo upendo nimeutafuta katika daftari langu, kurasa arobaini juu ya mama huyo peke yake, sikuuona popote.

Kwa hiyo naomba hadithi ichapwe kama ilivyo, uniombe radhi, na Mama Ngalula apewe cheti chenye muhuri wa parokia kuthibitisha kwamba yupo. Anakihitaji kuliko mimi, maana mjini humu si wewe peke yako unayesema hawezi kuwepo.

Wasalimie wa nyumbani, wanakwaya wote, na Tata Muamba wa mashine ya chapa.

Ni mimi, msomaji wako mwenye heshima na kinyongo,
Nkulu Mbuyu

N.B. Naongeza haya ndani ya behewa, tumekwisha kuipita stesheni ya Tenke. Treni ilikuja ghafla. Nilikuwa nampandishia Mama Ngalula mizigo tu. Akainama mlangoni akauliza, "Tata Nkulu, na weye unabaki kufanya nini?" Magurudumu yalikuwa yameanza kuzunguka, nami nikadandia. Kiatu kimoja kimebaki stesheni. Mama anacheka, na mimi pia, sijui kwa nini. Tafadhali, ule mstari wa mwisho nilioandika "Nkulu akarudi nyumbani", ufute.